TAYA LIKIVUNJIKA, TAZAMA PUMZI KWANZA

(Mazungumzo haya yalitolewa na tabibu wa zahanati kwenye mkutano wa wananchi katika kijiji kimoja cha wavuvi, kando ya Ziwa Viktoria, Mkoa wa Mwanza. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.)



Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, ndugu wavuvi, na ninyi vijana wa bodaboda mliokaa kule nyuma juu ya pikipiki zenu, nawashukuru kwa kuja. Najua jua la leo ni zuri la kuanika dagaa. Kwa hiyo sitasema mambo mengi. Nitasema juu ya kitu kimoja tu. Nitasema juu ya taya.

Naona baadhi yenu mnacheka. Mnasema moyoni, "Tabibu huyu vipi? Malaria ipo, kichocho kipo, yeye anatuletea habari za taya!" Haya, chekeni. Lakini nisikilizeni kidogo, kisha mtaniambia kama ni jambo la kuchekwa.

KIJANA ALIYEKUWA "AMELALA"

Si siku nyingi zilizopita, kijana mmoja wa bodaboda alitoka mwaloni jioni. Amebeba ndoo mbili za samaki. Giza lilikuwa linaingia. Ng'ombe akakatiza barabara. Kijana akamgonga, akaruka, akaangukia kidevu. Kichwani alikuwa na kofia ngumu, lakini ile ya kufunika utosi tu. Kidevu kilikuwa wazi.

Watu walikimbia kumsaidia. Hilo ni jambo jema, nami nawapongeza. Walimbeba, wakampandisha nyuma ya gari dogo la mizigo. Wakamlaza chali, uso unatazama mbinguni. Mmoja akakunja kanga, akaiweka chini ya kichwa iwe mto. Mwingine akaleta maji ya kunywa. Wote walifanya kwa moyo mwema.

Gari likaondoka. Baada ya muda mfupi kijana akaanza kukoroma. Mtu mmoja akasema, "Afadhali, amelala. Mwacheni apumzike." Lakini ndani ya gari alikuwamo mama mmoja muuza uji. Mama yule akasema, "Huyo hakulala. Huyo anakosa pumzi. Mgeuzeni!"

Wakamgeuza ubavu. Mara damu nzito ikamwagika kutoka kinywani, na meno mawili yakatoka pamoja nayo. Kijana akavuta pumzi kubwa. Akapona. Leo anaendesha pikipiki yake kama kawaida.

Ndugu zangu, kijana yule hakuwa anakufa kwa sababu ya mfupa kuvunjika. Alikuwa anakufa kwa sababu alilazwa chali. Wale waliompenda na kumsaidia ndio waliokuwa karibu kumuua, kwa kutokujua. Ndiyo maana nimekuja leo.

TAYA NI NINI?

Kila mtu ashike kidevu chake. Haya, shikeni. Mzee, na wewe shika. Sasa pelekeni vidole nyuma taratibu, mpaka mbele ya sikio. Fungua kinywa, funga. Unasikia kitu kinacheza chini ya kidole? Hiyo ni bawaba ya taya. Mlango una bawaba, na taya lina bawaba. Moja kulia, moja kushoto.

Taya la juu limeshikamana na mifupa ya uso. Halichezi. Taya la chini ndilo linalocheza. Limepinda kama upinde, kutoka sikio hili, kupita kidevuni, mpaka sikio lile. Kwa kuwa limejitokeza mbele, mtu akianguka au akipigwa, mara nyingi taya hilo ndilo linalopokea pigo.

Tena kuna jambo la kukumbuka. Chukua bangili ya udongo, igonge upande mmoja. Mara nyingi haivunjiki mahali pamoja. Inavunjika ulipogonga, na upande wa pili pia. Taya nalo ni hivyo hivyo. Mtu anapigwa shavu la kushoto, taya linavunjika kushoto, na kulia karibu na sikio linavunjika pia. Anaangukia kidevu, bawaba zote mbili zinavunjika. Kwa hiyo usitazame mahali penye jeraha tu ukasema, "Ni hapa tu."

KWA NINI TAYA LINAZIBA PUMZI?

Ulimi wako umefungwa mbele, nyuma ya kidevu, kama mtumbwi uliofungwa kwenye mti ufukweni. Mti ukisimama imara, mtumbwi hauendi popote. Mti uking'oka, mtumbwi unachukuliwa na maji.

Kidevu kikivunjika pande zote mbili, ulimi umekosa mti wa kuushika. Mtu akilala chali, ulimi unaanguka nyuma na kuziba koo. Juu yake kuna damu, kuna mate, kuna vipande vya meno, labda na matapishi. Vyote vinakwenda kooni. Na mtu aliyepigwa kichwa, au aliyelewa, hana nguvu ya kukohoa wala akili ya kugeuka. Mtu akikosa pumzi, dakika chache tu zinatosha kumwua.

Kwa hiyo shikeni neno hili: PUMZI KWANZA, MFUPA BAADAYE. Mfupa unaweza kungoja mpaka hospitali. Pumzi haingoji.

WANAOVUNJIKA NI AKINA NANI?

Mnaijua Hospitali ya Bugando, ile iliyo juu ya mlima pale Mwanza mjini. Ilifunguliwa mwaka 1971, nayo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa. Madaktari wa pale walifanya kazi ya kuhesabu. Kuanzia Novemba 2008 mpaka Oktoba 2009 waliwaandika watu walioletwa wakiwa wameumia uso na mataya. Walipata watu 154.

Katika kila watu 100 kati ya hao, watu 57 waliumia katika ajali za barabarani. Watu 16 walipigwa na wenzao. Watu 14 walianguka. Kundi lililokuwa kubwa zaidi ni la vijana wa miaka 21 hadi 30. Kwa kila mwanamke mmoja, wanaume walikuwa karibu watatu. Mifupa iliyovunjika zaidi ilikuwa ya taya la chini.

Kwa wastani kila mmoja alikaa hospitali siku 18. Siku 18 bila kwenda ziwani, bila kulima, na ndugu mmoja anakaa mjini kumtunza. Na katika kila watu 100, karibu watu 12 walikufa. Taya peke yake haliui watu wengi hivyo. Lakini pigo linalovunja taya mara nyingi limefika kichwani na shingoni vilevile. Kwa hiyo mtu mwenye taya lililovunjika ni mtu wa kuogopewa, si mtu wa kuambiwa, "Vumilia tu, wewe mwanamume."

Hesabu hizo ni za miaka ile. Lakini tazameni barabara yetu wenyewe. Wakati ule pikipiki kijijini hapa zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Leo ni nani awezaye kuzihesabu?

UTAJUAJE KAMA TAYA LIMEVUNJIKA?

Huhitaji mashine. Muulize mgonjwa swali moja: "Ukifunga kinywa, meno yanakutana kama jana?" Kila mtu anajua jinsi meno yake yanavyokutana. Akisema, "Hapana, yamepishana," mfikirie kuwa amevunjika, mpaka hospitali iseme vingine.

Dalili nyingine ni hizi:

Kinywa hakifunguki vizuri, au kikifunguka kidevu kinakwenda upande mmoja.

Meno yaliyokuwa kwenye mstari mmoja sasa yana ngazi, moja juu na moja chini, na ufizi unatoka damu.

Chini ya ulimi kuna damu iliyovilia.

Mdomo wa chini na kidevu vina ganzi. Ndani ya taya unapita mshipa wa fahamu, nao umeumia.

Kuna maumivu makali mbele ya sikio, au damu inatoka sikioni.

Ukiona moja tu ya dalili hizo, usikae nyumbani. Na usimtikise taya ili usikie kama mfupa unalia. Hilo linamwongezea maumivu bure.

FANYA HIVI

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Hapa nataka kila mtu asikie.

Kwanza, kama anajitambua na anaweza kukaa, mwache akae. Ainame mbele kidogo, kama mtu anayenawa uso. Damu na mate vidondoke chini. Asimeze. Kidevu akishike mwenyewe kwa kiganja, bila kukisukuma nyuma.

Pili, kama hajitambui, mlaze ubavu, uso uelekee chini kidogo ili damu itoke. Lakini kumbuka, shingo nayo huenda imeumia. Msimgeuze kichwa peke yake. Mmoja ashike kichwa, wengine washike mabega na nyonga, mkamgeuze mwili mzima kwa pamoja, kama mnavyoviringisha gogo. Chini ya kichwa weka nguo kidogo ili shingo inyooke na mwili.

Tatu, kama anakoroma au pumzi inagugumia, tazama kinywani. Kama damu nzito au vipande vya meno vinaonekana, vitoe kwa kidole ulichozungushia kitambaa safi. Kama ulimi umerudi nyuma, ushike kwa kitambaa na uvute mbele polepole. Lakini kama amekaza meno au mwili unatetemeka, usitie kidole. Atakikata.

Nne, damu inayotoka kwenye jeraha la nje, ikandamize kwa kitambaa safi. Usiweke majani, wala udongo, wala majivu, wala mavi ya ng'ombe. Humo ndimo wanamokaa vijidudu vya pepopunda.

Tano, tafuta meno yaliyotoka. Yaokote yote, uende nayo. Daktari atayahesabu. Jino lisiloonekana huenda limeingia kwenye mapafu, na daktari lazima ajue. Tena jino la mtu mzima lililong'oka zima linaweza kurudishwa mahali pake kama likifika mapema, hasa kabla ya saa moja kupita. Lishike kwa upande wa kutafunia, siyo kwa mzizi. Usilisugue. Liweke ndani ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe tunayo, au siyo?

Sita, mpeleke haraka. Katika safari, yule aliyelazwa ubavu abaki ubavu. Mtu mmoja akae karibu na kichwa chake, kazi yake iwe moja tu: kusikiliza pumzi. Huyo asipige simu, asizungumze na dereva. Asikilize pumzi.

USIFANYE HIVI

Usimlaze chali.

Usimpe maji, uji, soda wala vidonge. Vinaweza kumpalia. Tena huenda atahitaji dawa ya usingizi ya upasuaji, na tumbo linatakiwa liwe tupu.

Usifunge kanga kutoka chini ya kidevu mpaka utosini ukaikaza. Najua wengi mmezoea. Lakini kitambaa kile kinasukuma taya nyuma, na mtu akitapika hawezi kufungua kinywa.

Usilivute taya ukasema unalirudisha. Usilikande kwa maji ya moto. Ndugu zangu waganga wa mifupa wa kienyeji, nawaheshimu, lakini hili msilishike. Taya linabeba meno. Likiunga limepinda, meno hayakutani vizuri, na mtu anapata shida ya kutafuna.

Namkumbuka mvuvi mmoja aliyekaa kambini, kisiwani, wiki tatu na taya lililovunjika. Alisema ni uvimbe tu utakwisha. Uvimbe ulikwisha kweli. Lakini alipokuja kwangu, meno ya juu yalikuwa yanakwenda huku, ya chini yanakwenda kule. Usaha ulikuwa unatoka chini ya kidevu. Ilibidi hospitali walivunje tena taya lile ili wapate kulinyoosha. Alilia akaniambia, "Tabibu, kumbe nimevunjika mara mbili." Naam. Mara ya kwanza alivunjwa na mpini wa kasia. Mara ya pili alivunjwa na kuchelewa.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Watu wengine huogopa hospitali kwa sababu hawajui kinachofanyika huko. Wanadhani kila mfupa ni kupasuliwa. Si kweli.

Zahanati yetu haiwezi kutibu taya lililovunjika. Kazi yetu ni kulinda pumzi, kuzuia damu, kuchoma sindano ya kuzuia pepopunda na kukuandikia rufaa. Utakwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, kama Sekou Toure. Ikibidi utakwenda Bugando. Zamani ndugu zetu wa Sengerema na Geita walikuwa wakingoja kivuko pale Busisi, mgonjwa anaugulia kwenye foleni. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, gari linapita moja kwa moja. Ndugu wa Ukerewe na visiwa vingine bado safari ni ya maji. Basi hao ndio wasiochelewa hata siku moja kuanza safari.

Huko watapiga picha ya eksirei waone mfupa umevunjika wapi. Kisha wataurudisha mfupa mahali pake. Njia iliyotumika zaidi kwa wale watu wa Bugando niliowataja ni ya kufunga meno kwa waya bila kupasua. Wanafunga ukanda mwembamba wa chuma kwenye meno ya juu, na mwingine kwenye meno ya chini. Halafu wanaunganisha juu na chini kwa waya. Meno yako mwenyewe ndiyo yanayokuwa gango la mfupa. Kinywa kinakaa kimefungwa kama wiki nne mpaka sita. Kuna njia nyingine ya kupasua na kufunga mfupa kwa kibamba kidogo cha chuma na skrubu. Daktari ndiye anayechagua, kulingana na mfupa ulivyovunjika.

ATAKULA NINI HUYO?

Akina mama mnaniuliza kwa macho, nawaona. "Kinywa kimefungwa wiki sita, ataishije?"

Ataishi. Ugali hapana. Michembe na matobolwa hapana. Lakini vitu vya majimaji vinapita kati ya meno, na nyuma ya gego la mwisho kuna nafasi. Anywe kwa mrija au kwa kikombe. Msimpe uji mtupu na chai peke yake, maana atakonda na mfupa utachelewa kuunga. Mpikieni uji wa ulezi, mtieni maziwa na karanga zilizosagwa laini. Chukueni dagaa, mwakaushe, mwatwange wawe unga, mwachekeche, mtie katika mchuzi. Supu ya sato iliyochujwa ni nzuri sana. Papai na parachichi vipondwe na kuchujwa. Apewe kidogo kidogo, mara sita au zaidi kwa siku.

Kila akimaliza kula, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na apige mswaki laini juu ya waya. Uchafu ukikaa, usaha unaingia. Kule Bugando usaha na meno kutokutana ndiyo matatizo yaliyowasumbua wagonjwa zaidi baada ya matibabu.

Asinywe pombe hata tone. Mlevi hutapika, na kinywa kimefungwa. Mgonjwa awe na mkasi wa kukatia waya karibu naye, mchana na usiku, na watu wa nyumbani waonyeshwe hospitali waya upi wa kukata. Akitapika au akikosa pumzi, wakate mara moja, kisha wamrudishe hospitali. Waya hufungwa tena. Roho hairudi.

Na siku ya kurudi kliniki ikifika, arudi. Asifungue waya mwenyewe nyumbani kwa koleo eti anajisikia mzima.

WATOTO WETU

Sasa neno juu ya watoto. Mtoto anaanguka kutoka kwenye mwembe, au kwenye baiskeli. Kidevu kinapasuka kidogo. Tunaosha, tunafunga kitambaa, basi yamekwisha. Lakini bawaba pale mbele ya sikio huenda imevunjika. Mtoto analia akitafuna, anafungua kinywa kidogo tu. Tunasema anadeka.

Bawaba ile isipotibiwa na mtoto asipofanyishwa mazoezi ya kufungua kinywa, mfupa unaweza kushikana na mfupa. Taya linakuwa kama mlango uliopata kutu. Mtoto anakua na kinywa kisichofunguka, kidevu hakikui, chakula anaingizia pembeni. Kwa hiyo mtoto yeyote aliyeangukia kidevu, afungue kinywa uone. Kama hafungui kama zamani, mlete.

TAYA LILILOVUNJWA NYUMBANI

Ndugu zangu, neno hili ni zito, lakini nitalisema.

Katika kila watu 100 wale wa Bugando, 16 waliumizwa na mkono wa mtu. Wengine ni wa ugomvi wa kilabuni. Wengine ni wa kugombea nyavu. Lakini wengine ni akina mama. Mama anakuja zahanati, shavu limevimba. Namwuliza, "Imekuwaje, mama?" Anasema, "Nimejigonga mlangoni." Mumewe amesimama nyuma yake. Basi mimi nautazama ule mlango, na mlango unanitazama mimi.

Kumvunja mtu taya si kumfundisha adabu. Ni kosa la jinai, hata kama ni mke wako, hata kama umetoa ng'ombe thelathini. Kwenye vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, kwa ajili ya mambo hayo. Na wewe mama, ukija kwangu niambie kweli. Nikijua ni ngumi, nitajua nitafute nini. Nitatazama na upande wa pili, nitatazama na kichwa. Uongo wa kumficha mume unaweza kukunyima matibabu sahihi.

Halafu kuna fomu ya polisi, ile mnayoiita PF3. Ni muhimu, maana ndiyo inayopeleka ushahidi mahakamani. Lakini mgonjwa anayekosa pumzi asikalishwe kituoni akingoja karatasi. Mtu mmoja aende polisi, wengine waende na mgonjwa.

NENO KWA VIJANA WA BODABODA

Vijana wangu, sikuja kuwasema. Ninyi ndio gari la wagonjwa la kijiji hiki. Usiku wa manane mama akishikwa na uchungu, ni nani anayemleta kwangu? Ni ninyi. Kwa hiyo nataka mwishi.

Kofia ile ya utosi inasaidia ubongo, nayo ni bora kuliko kichwa kitupu. Lakini hailindi taya. Nunua ile inayozunguka mpaka kidevuni, na ufunge mkanda. Kofia isiyofungwa mkanda inaruka kabla yako. Abiria naye avae. Usipakie watu watatu. Jioni, ng'ombe wanaporudi kutoka malishoni na watu wanapanda kutoka mwaloni, punguza mwendo. Na ukitoka kilabuni, ufunguo mpe mwenzako.

Bima ya pikipiki usiione ni karatasi ya kumwonyesha trafiki tu. Ukimvunja mtu taya, bima ndiyo ya kumlipa fidia.

MASWALI YA WANANCHI

Mzee mmoja aliuliza: "Tabibu, mimi sina meno hata moja. Taya langu likivunjika watafunga waya wapi?"

Jibu: Swali zuri, mzee. Kwa asiye na meno kuna njia nyingine. Wanaweza kutumia meno ya bandia kama gango, au kufunga mfupa kwa kibamba. Kama una meno ya bandia na yamevunjika, nenda na vipande vyake vyote.

Mama mmoja aliuliza: "Gari la hospitali likichelewa, tumpeleke kwa pikipiki?"

Jibu: Anayejitambua na kukaa mwenyewe, na asiye na maumivu ya shingo, akae katikati, mtu amshike nyuma, ainame mbele. Asiyejitambua, msimfunge kwenye pikipiki. Hapo mtatafuta gari, bajaji ya mizigo, hata mtumbwi wa mashine. Mlazeni ubavu.

Mvuvi mmoja aliuliza: "Fedha tutazipata wapi saa hiyohiyo?"

Jibu: Hilo si la kunijibu mimi peke yangu. Ni lenu. Hapa mwaloni mnachangishana mtu akifa. Kwa nini msichangishane kabla hajafa?

Baada ya swali hilo wananchi walizungumza kwa muda mrefu. Mwishowe walikubaliana kwamba kila mtumbwi utatoa fedha kidogo kila wiki kwa ajili ya mfuko wa dharura, na kwamba vijana wa bodaboda watakuja zahanati Jumapili kujifunza kumgeuza majeruhi. Mama muuza uji alichaguliwa kutunza daftari la mfuko huo.

Tabibu alimaliza kwa kusema: "Ndugu zangu, mkisahau yote, msisahau haya manne. Akiweza kukaa, akae ameinama. Asiyejitambua, ubavu. Meno yasipokutana, hospitali. Na mtu akikoroma baada ya ajali, hajalala. Sasa nendeni mkageuze dagaa wenu."

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini ni hatari kumlaza chali mtu aliyevunjika taya?

2. Utamwuliza mgonjwa swali gani ili ujue kama taya limevunjika?

3. Utalitunza vipi jino lililong'oka?

4. Kijijini kwenu kuna gari gani la kumpeleka majeruhi usiku? Ni nani mwenye namba yake ya simu?